Barabara Kuu Iliyopita Kwetu: Kutoka Mgunda Mkali hadi Mlima Sekenke



Harambee ya mwaka huu ni ya vivuko na makalavati kwenye njia zinazotoka barabara ya lami kwenda vijijini. Wapo waliotuuliza, na swali lao ni la haki: kwa nini chama kichangie njia za vumbi wakati tuna barabara kuu inayopita katikati ya eneo letu? Badala ya kujibu kwa maneno mawili, tumeona tuandike historia ya barabara yenyewe, maana jibu limo humo.

Kwenye orodha ya Serikali barabara hii ni T3, ingawa sisi tunaiita lami tu. Inaanzia Morogoro, inapita Dodoma, inaingia mkoani Singida upande wa Kintinku, inapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Manyoni, halafu inakata kaskazini kupitia Issuna na Ikungi hadi Singida mjini. Hapo inageukia magharibi: Iguguno, Misigiri, Ulemo, kisha inateremka Mlima Sekenke hadi Shelui. Baada ya Shelui inatuacha na kuelekea Igunga, Nzega, na mwisho Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda. Dodoma hadi Manyoni ni kilometa 127, Manyoni hadi Singida ni kama 118, na Singida hadi Shelui ni 110. Mtu akipiga hesabu ataona kwamba kipande kirefu cha safari ya lori linalotoka bandarini kwenda Kigali hupita mikononi mwa mkoa wetu.

Ukifuatilia historia ya njia hii tangu mwanzo, jambo moja linajirudia. Haikutengenezwa kwa ajili yetu. Wa kwanza walikuwa wakienda Tabora na Ujiji kutafuta pembe za ndovu. Waliofuata walitaka dhahabu. Baada yao walikuja waliotaka nguvukazi na mazao. Leo malori yanakwenda Kigali, Bujumbura na Kongo. Sisi tumekuwa watu wa njiani wakati wote huo, na faida tuliyopata kila zama ilitegemea kama tulikuwa na kitu cha kuuza, na kama tulikuwa na pa kukipitisha mpaka kikaifikia njia.

Tuanze kusini mwa mkoa, kwa kuwa njia ya kale ilipita kule, si kwetu Iramba. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, ikapanda hadi Kilimatinde, kisha ikaingia pori lililoitwa Mgunda Mkali. Pori hilo ni sehemu kubwa ya Manyoni na Itigi ya leo. Aliyewahi kusafiri kwa treni ya reli ya kati atakumbuka vile vichaka vya Itigi vilivyosongamana kiasi kwamba hata mbuzi hapiti bila kuchanika. Maji yalikuwa haba, na zilikuwa siku nyingi za kutembea kabla ya kuyaona mashamba ya Tura upande wa Unyamwezi. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita 1871. Kituo kilichojulikana sana katikati ya pori kilikuwa Jiwe la Mkoa, na msafara uliofika hapo ulijua sehemu mbaya imeanza kuisha.

Wapagazi waliogopa Mgunda Mkali. Wenye mali waliogopa zaidi Ugogo, kwa sababu ya hongo. Neno hilo siku hizi lina maana nyingine na linampeleka mtu mahakamani, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia. Watemi wa Wagogo walikuwa na visima, na katika nchi kame mwenye kisima ndiye mwenye njia. Msafara ulilipa nguo, shanga na nyaya za shaba, ukakaa siku kadhaa ukijadiliana, ndipo ukaruhusiwa kuteka maji na kununua chakula cha kuvukia pori. Wazungu wengi waliopita waliandika kwa hasira kwamba ni unyang'anyi. Sisi hatuoni hivyo. Watu wale walichimba visima kwenye ardhi inayopata mvua msimu mmoja tu kwa mwaka, wakalima mtama wa ziada, wakauza vyote viwili kwa wapita njia. Upande wa Ukimbu, Nyungu ya Mawe alitumia mabavu zaidi. Alishika sehemu ya njia hiyo na ushuru wake mpaka alipofariki mwaka 1884, na binti yake Mgalula akarithi utawala.

Kilimatinde ilikua kutokana na njia hiyo. Wajerumani walipoingia waliweka boma lao pale juu ya ukingo, mahali ambapo misafara yote ilikuwa lazima ipite, na kwa miaka kadhaa Kilimatinde ilikuwa makao makuu ya eneo kubwa sana la katikati ya nchi. Kisha ikaja reli. Ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Mafundi wa reli hawakutafuta mji. Walitafuta mteremko unaofaa kwa treni. Wakapandisha reli kupitia Saranda na kutokea Manyoni, na Kilimatinde ikaachwa kando kwa mwendo mfupi tu. Huo mwendo mfupi ulitosha. Biashara ilihamia Manyoni, na ofisi zikafuata. Kilimatinde ina hospitali na kanisa mpaka leo na watu wake wapo, lakini si kijana gani wa sasa atakayekuambia kwamba pale palikuwa mji mkubwa kabla ya Singida kuwa mji.

Tuirudie Kilimatinde kichwani tutakapofika mwisho wa makala haya.

Kwetu Iramba njia kubwa ilikuja kwa sababu ya dhahabu. Kabla ya hapo tulikuwa na njia za miguu: za chuma na majembe, za mifugo, na za chumvi ambayo Wasukuma walikuja kuichukua kandokando ya Ziwa Eyasi. Wajerumani walikuwa na boma Mkalama, na majengo yake ya mawe yanaonekana bado. Ndipo dhahabu ikagunduliwa Sekenke, chini ya ukingo ule ule ambao malori huuteremka leo. Uchimbaji ulianza mwaka 1909, na Sekenke ikawa mgodi mkuu wa dhahabu katika koloni lote la Wajerumani Afrika Mashariki. Mashine, baruti na chakula viliingia, dhahabu ikatoka, na katikati ya vyote hivyo alikuwepo mpagazi, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ya safari hapakuwa na gari wala reli.

Kuna kipande cha historia hii ambacho tungependa kila mtoto wa Shelui akijue. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, meli za Waingereza zilifunga bahari na Wajerumani wakaishiwa fedha za kulipa askari. Mwaka 1916 waliamua kutengeneza sarafu zao wenyewe Tabora, ndani ya karakana ya reli. Kati ya hizo walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo mbele ya mlima. Zilitengenezwa 16,198, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Mwezi Septemba mwaka huo huo Wabelgiji waliiteka Tabora. Leo sarafu hizo huuzwa minadani Ulaya na Marekani kwa bei kubwa, na wakusanyaji wa sarafu wanaijua Sekenke kwa jina hata kama hawawezi kuionyesha kwenye ramani. Dhahabu hiyo ilibebwa kichwani kupita mbugani. Waliobeba walikuwa babu zetu, na walilipwa ujira wa pagazi.

Waingereza waliendelea kuchimba Sekenke kwa vipindi, na wachimbaji wadogo wapo hadi leo. Lakini kwa Mwingereza zao kubwa la Singida lilikuwa watu. Kodi ililazimu vijana kutafuta fedha taslimu, na fedha zilikuwa mbali: mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambako Wanyiramba na Wanyaturu walikwenda kama manamba. Njia ya kutoka Iramba kwenda stesheni ya reli ilipigwa na miguu yao. Na hata pale magari yalipoanza kuonekana, barabara ilitengenezwa na watu wa kandokando chini ya amri ya watemi, kwa sheria ya mwaka 1926 iliyowapa wenyeji madaraka ya kuwaita watu kazini. Wazee wetu walifyeka, walijaza mashimo, waliweka magogo kwenye makorongo, kila mwaka baada ya masika, bila malipo. Kwa hiyo mtu anaposema njia za vijijini ni kazi ya Serikali, tunamkubalia nusu. Wazee walitengeneza barabara kuu yenyewe kwa majembe yao. Tofauti ni kwamba wao hawakuulizwa.

Halafu kuna habari ya reli ya Kinyangiri, ambayo vijana wengi hudhani ni hadithi. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni, likapita Singida, likaishia Kinyangiri, ndani ya Mkalama ya leo. Lengo lilikuwa kuvuta nafaka na karanga za uwanda wa juu. Mazao hayakuja kwa wingi uliotarajiwa, na katika miaka ya 1940 reli iliondolewa. Iling'olewa kabisa, mataruma na vyuma vyote. Miongo kadhaa baadaye Serikali yetu ilirudisha tawi hilo, safari hii kutoka Manyoni mpaka Singida mjini tu, kilometa 115. Kinyangiri haikuguswa tena.

Kwa nini mazao hayakuja? Ukame na bei mbovu vilichangia, hilo halina ubishi. Lakini fikiria mkulima wa Ibaga au Nduguti wa wakati ule mwenye magunia matatu ya karanga. Stesheni ipo Kinyangiri, naye ana punda wawili na mto katikati. Reli ilikuwa na kichwa na mkia bila kuwa na miguu ya kuifikisha kwa watu. Haya ni maoni yetu na mwenye maoni mengine tutampa nafasi kwenye kijitabu cha mwakani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 Singida ilikuwa bado sehemu ya Jimbo la Kati. Ikawa mkoa mwaka 1963. Nchi changa ilikuwa na fedha chache na ilichagua pa kuzipeleka. Kusini kulikuwa na Zambia iliyofungiwa njia na walowezi wa Rhodesia, kwa hiyo barabara ya Tanzania hadi Zambia ilijengwa kati ya 1968 na 1973, na reli ya TAZARA ikafuata. Hatuna kinyongo na hilo. Lakini matokeo yake ni kwamba njia ya kati ilisubiri. Lami ilifika Dodoma, ikasimama hapo kwa miaka mingi.

Jambo moja la miaka hiyo lilibadilisha sura ya barabara yetu bila hata kokoto moja kumwagwa. Katika Operesheni Vijiji, hasa miaka ya 1974 na 1975, watu waliokuwa wametawanyika kwenye mashamba ya koo zao walihamishiwa vijijini, na vijiji vingi viliwekwa kandokando ya barabara ili huduma zifike kwa urahisi. Ndiyo maana ukipita leo unaona nyumba zimejipanga mstari kama lulu za mkufu, na nyuma yake pori. Mashamba mazuri yalibaki nyuma kule. Watu walisogezwa barabarani, lakini ardhi yenye rutuba haikusogea, na mpaka sasa mazao ya kandokando ya lami kwa sehemu kubwa hutoka mbali na lami.

Waliosoma sekondari za mbali miaka ya 1980 na 1990 hawahitaji kuelezwa barabara ilivyokuwa. Kutoka Dar es Salaam tulipanda treni hadi Manyoni au Dodoma, kisha tukaomba nafasi juu ya lori. Kiangazi ilikuwa vumbi; ulifika nyumbani mama akakutambua kwa sauti. Masika ulikuwa udongo mweusi wa mbugani, ule unaoshika tairi na kukataa kuachia. Gari likikwama, abiria walishuka, wakakata matawi, wakasukuma, wakalala hapo hapo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliharibu reli na barabara kwa pamoja.

Kuhusu Sekenke yenyewe, tuseme zaidi kidogo. Anayetoka Singida husafiri juu ya uwanda kwa zaidi ya saa moja, katikati ya mawe makubwa yaliyobebana, bila kuona mteremko wa maana. Ghafla nchi inakatika. Chini kabisa ni bonde la Wembere, jeupe kwa mbali wakati wa kiangazi na la maji wakati wa masika. Barabara ya zamani iliteremka hapo kwa kona za mawe, na utingo alitembea nyuma ya lori akiwa na kabari mkononi, tayari kuitupa chini ya tairi. Lami imeondoa kabari, haikuondoa mlima. Lori la tani nyingi linaloteremka kwa gia nyepesi bado hushindwa kusimama, na vijiji vya chini vinajua sauti ya breki iliyokufa.

Kuna ushahidi mmoja wa hali ya barabara ya kati ambao hata wasio wa Singida wanaukumbuka. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, abiria wengi wa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza walipitia Kenya: Arusha, Namanga, Nairobi, kisha Sirari. Mtanzania alivuka mipaka miwili ili afike mji mwingine wa Tanzania, kwa sababu kupita Singida kulikuwa kubaya zaidi.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mfuko wa Barabara ulianzishwa mwaka 1998 na TANROADS mwaka 2000. Wakati wa Rais Benjamin Mkapa, na John Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi, Serikali iliamua kuifungua njia ya kati kipande kwa kipande, mingine kwa fedha za ndani na mingine kwa mikopo. Dodoma hadi Manyoni, Manyoni hadi Singida, Singida hadi Shelui, Shelui hadi Nzega. Kazi iliyoanza kwa Mkapa ilimalizika wakati wa Rais Jakaya Kikwete. Baadaye ikaja barabara ya Singida, Katesh, Babati hadi Minjingu, zaidi ya kilometa 220, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani. Singida, ambayo kwa karne nzima ilikuwa mahali pa kukwama, ikawa njia panda: Mwanza upande huu, Arusha upande ule, Dodoma na Dar es Salaam upande mwingine. Basi linalotoka Dar es Salaam alfajiri linafika Singida siku hiyo hiyo, mwendo wa karibu kilometa 690.

Faida zake tunaziona. Alizeti ililimwa kwetu tangu zamani, lakini ni lami iliyozaa mashine za kukamua, madumu ya mafuta yaliyopangwa kandokando ya barabara na mashudu yanayosafirishwa kwenda kwa wafugaji. Vitunguu vina soko lao kubwa Misuna, Singida mjini, na wanunuzi wanatoka hata nje ya nchi. Kuku wa Singida wanasafiri matengani juu ya mabasi, na Dar es Salaam mtu akila kuku wa kienyeji hauliza ametoka wapi. Asali, viazi vitamu, dengu za mbugani Shelui. Watemi wa Ugogo waliuza maji na mtama. Sisi tunauza mafuta na kuku. Biashara ni ile ile.

Hasara nazo zipo na hatutaki kuzipamba. Ajali tumezitaja. Kuna suala la ardhi pia, na hapa tunawaomba wanaojenga wasome kwa makini. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Ndiyo asili ya zile alama za X. Kwa kawaida X nyekundu imewekwa kwa jengo lililo ndani ya hifadhi ya zamani, ambalo halina fidia. X ya kijani ni kwa lililokutwa na nyongeza ya mita 7.5, ambalo mwenye nalo anastahili kulipwa eneo hilo litakapohitajika. Tumeona ndugu wanatuma fedha kutoka mjini kujenga fremu za maduka Iguguno, Misigiri na Shelui bila mtu kushika futi ya kupimia. Pimeni kwanza. Mita 30 ni hatua nyingi kuliko zinavyoonekana kwa macho.

Sasa tuje kwenye jambo linalotusukuma kuandika. Reli ya kisasa tayari inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilometa 368, kinapita Manyoni na Itigi kwenye mkondo ule ule wa Mjerumani. Makontena yanayopita Sekenke leo kwa malori, mengine yatahamia relini. Hiyo ni nzuri kwa nchi na pengine kwa usalama wa watu wa Shelui. Lakini maduka, nyumba za wageni, gereji na mama lishe waliojengwa juu ya tumbo la dereva wa lori watapungukiwa. Upande mwingine kuna mpango wa barabara ya Handeni, Kibirashi, Kibaya hadi Singida, kilometa 461, ambao utafungua njia fupi ya kwenda Tanga. Na ndani ya eneo letu, Daraja la Sibiti limeunganisha Mkalama na Meatu, kwa hiyo barabara ya Ulemo, Gumanga hadi Sibiti imegeuka kutoka njia ya kuishia mtoni na kuwa njia ya kwenda Simiyu. Wapita njia watabadilika tena, kama walivyobadilika mara zote.

Katika hali hiyo, kijiji kinachotegemea kuuza soda kwa dereva kiko kwenye nafasi ya Kilimatinde mwaka 1910. Kijiji kinachotoa alizeti, vitunguu na dengu kina la kuuza kwa treni, kwa lori na kwa mnada wa jirani. Tatizo ni kwamba vijiji vinavyolima zaidi ndivyo vilivyo mbali zaidi na lami. Tangu 2017 njia za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, na wamefanya kazi. Bajeti yao, hata hivyo, inagawanywa kwa njia nyingi, na greda likipita kwenye njia isiyo na kalavati, kazi yake inaondoka na mvua kubwa ya kwanza. Korongo moja la upana wa hatua nane linaweza kufunga njia ya kilometa kumi na tano. Mnunuzi anapoambiwa njia imekatika, anapunguza bei ya gunia au haji kabisa. Mama mjamzito anayetakiwa kufikishwa Kiomboi au Iambi anapakiwa kwenye bodaboda hadi ukingo wa korongo, anavushwa kwa kubebwa, na ng'ambo anatafutiwa pikipiki nyingine.

Ndiyo sababu kamati haikuchagua kuchangia kilometa za barabara, ambazo hatuziwezi. Imechagua makorongo. Wanakijiji wametoa ahadi ya mawe, mchanga na msaragambo wa kuchimba. Wahandisi wa wilaya wataelekeza vipimo. Mchango wetu ni saruji, nondo na mabomba. Orodha ya vivuko vilivyopendekezwa imebandikwa ukumbini, na kila mmoja atakiona cha kwao.

Mvua za kwetu huanza mwishoni mwa Novemba. Zege linahitaji wiki kadhaa kukomaa kabla maji hayajapita juu yake, na mchanga wa mtoni hauchoteki mto ukishajaa. Kwa hiyo ahadi zitakazoandikwa kwenye karatasi iliyo ukurasa wa mwisho zitatufaa zaidi zikilipwa kabla ya Oktoba kuisha. Mwenye trela la trekta atakayekuwa nyumbani mwezi Septemba amwone mhazini, kwa kuwa mawe yapo mbali na makorongo na punda peke yao hawatamaliza.